Wikendi moja peke yangu Brussels: Tervuren, halafu usiku niende wapi?

Mwalimu wa Katuba
Jambo wakubwa na wadogo. Nafundisha historia sekondari hapa Lubumbashi. Mwezi ujao nina semina Liège, na ikiisha nitabaki Brussels tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, peke yangu. Nataka kuona makumbusho ya Afrika yaliyoko Tervuren, pembeni ya Brussels, maana wanafunzi huniuliza vitu vya mababu viko wapi. Usiku nataka muziki, ila sipendi kuhangaika kurudi hotelini. Waliofika mnishauri.

Yaya wa Kamalondo
Mdogo wangu, Tervuren usiiweke Jumatatu, wanafunga. Nenda Jumamosi asubuhi kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery. Inapita msituni mpaka mwisho wa reli, na jumba liko karibu na hapo.

Lakini angalia kwanza kama kuna jua. Mle ndani kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo wakati wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Mkongo hata mmoja hayumo. Jumba lilifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018, na safari hii msanii wetu Freddy Tsimba, wa Kinshasa, ameweka majina ya Wakongo saba kwenye vioo vya madirisha. Jua likipiga, kivuli cha majina hayo kinaangukia ukutani, juu ya yale ya Wabelgiji, na kinasogea kadiri jua linavyosogea. Mawingu yakitanda huoni kitu. Mimi nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vizuri.

Hao saba ni nani? Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa kwenye maonyesho ya mfalme, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza bustanini, Wazungu wapite wakiwatazama. Saba walifia huko. Makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa la Tervuren, unafika kwa miguu. Tafadhali usirudi mjini bila kupita pale. Nunua maua. Wanafunzi wako wakiuliza vitu viko wapi, waambie na watu wako wapi.

Mengine utayaona mwenyewe: mtumbwi wa mita 22.5 uliochongwa katika mti mmoja, na madini, hata malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu Katanga.

Jioni shuka metro Porte de Namur. Uwanja wa Patrice Lumumba uko hapo hapo, tangu 2018, na Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, inaanzia pale. Kula samaki na makemba (ndizi za kupika), ongea Kiswahili kwa sauti, atajitokeza mtu wa kwetu.

Mpiga Gita Bel-Air
Yaya amesema vizuri, ila mwalimu asilale Jumamosi na uzito ule moyoni. Baada ya kula, teremka rue Antoine Dansaert, kwenye L'Archiduc. Ni baa ya jazi iliyoko tangu 1937. Mlango umefungwa, usidhani hawapo: bonyeza kengele, watakufungulia. Piano iko katikati, watu wanasikiliza kweli, na mwanamke aliyekaa peke yake hasumbuliwi.

Jumapili nenda makumbusho ya ala za muziki, MIM, karibu na ikulu ya mfalme. Unavaa vifaa vya masikioni, unasikia ala zinavyolia. Kuna za Adolphe Sax, yule Mbelgiji aliyebuni saksofoni. Kwa mimi, hiyo ndiyo makumbusho bora ya mji mzima.

Mwalimu wa Katuba
Aksanti sana. Yaya, maua nitapeleka. Nikitoka kwenye jazi saa sita au saba za usiku, nitarudije? Na bia zao mnasemaje?

Yaya wa Kamalondo
Metro inasimama karibu na saa sita usiku, lakini Ijumaa na Jumamosi kuna mabasi ya usiku, Noctis. Piga picha ramani ya njia yako kabla ya kutoka hotelini. Sehemu za Gare du Midi, stesheni ya treni, usiku, simu iwe mfukoni.

Bia: si kama Simba, bia ya kwetu Lubumbashi, mdogo wangu. Duvel ina kilevi asilimia 8.5. Kunywa moja, polepole, na maji kando.

Mpiga Gita Bel-Air
Na hoteli chukua upande wa Sainte-Catherine, mwalimu. Kutoka L'Archiduc unarudi kwa miguu, hutahitaji basi.