Mbao zangu zimegeuka kitanda cha mtu. Fundi huyu ni mwizi au amekwama?

Mwl_Makambako:
Habari za jioni wakuu. Mimi mwalimu wa msingi, nyumba yangu imefika hatua ya milango. Mwezi wa tatu nilimpa seremala mmoja wa hapa mjini kazi ya milango minne na fremu zake, tukapatana laki saba na nusu. Nikatoa kianzio laki nne, mbao za paini tukaenda kuchagua pamoja, kumi na sita. Kwa kuwa fundi cherehani alishanilizaga na kitenge changu, kila ubao niliuandikia M.N. kwa wino wa bluu.

Tangu hapo ni "kesho mwalimu", "umeme umekatika", "niko msibani". Misiba mitatu ndani ya mwezi! Jumamosi nikapita bila taarifa. Mwenyewe hayupo, kijana wake anapiga msasa kitanda cha tano kwa sita. Nikainama kama nafunga kiatu. Ubao wa ubavuni, upande wa ndani: M.N. Nikaondoka kimya.

Na si fundi wa hovyo. Meza ya mwalimu mkuu aliitengeneza yeye 2014, mpaka leo haitikisiki. Nidai hela au nidai milango?

kijana_wa_stendi:
Polisi tu. Mafundi lao moja.

RandaNaMsasa:
Pole mwalimu. Mimi ni seremala, mwaka wa 19 huu, niko Njombe. Nitasema, wenzangu wanune wakitaka.

Huyo sidhani kama alipanga kukuibia. Kianzio cha mwenye kitanda alishakila, labda ada ya mtoto, labda alinunulia mbao za mteja aliyetangulia. Mwenye kitanda akaja juu, na mbao zilizokuwa karibu ni zako. Wewe nawe ukija juu, atashika za atakayekufuata.

Najua kwa sababu nimeyafanya. 2011 nilikuwa na kazi sita mkononi na hela ya kazi mbili. Simu nazima asubuhi, nikisikia pikipiki imesimama nje najibanza nyuma ya mabanzi. Baba wa watoto wawili, nimejificha kwenye mabanzi!

Aliyenitoa huko ni mzee aliyenifundisha kazi. Ana daftari la shule, kila kazi na ukurasa wake. Hela ya mbao haishiki kabisa: mteja analipa mwenyewe kwa muuza mbao, risiti inabanwa kwenye ukurasa. Ufundi unalipwa nusu mlango ukisimama, nusu kitasa kikifungwa. Ukimuuliza lini, anakwambia wiki sita, na ukikunja uso anakuelekeza kwa fundi mwingine. Wengi wetu hapo ndipo tunaposhindwa. Mteja anataka wiki mbili, tunamwambia wiki mbili, maana tukisema kweli anahamia kwa jirani atakayemdanganya.

Sasa wewe usidai hela, hana. Dai mbao, idadi ileile, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi. Akizileta uzikague. Nyingi zinazoshushwa kwenye Fuso kutoka Mafinga ni mbichi. Beba ubao mmoja: mbichi unakuelemea, na msumari ukiingia unaona maji yanatoka pembeni. Mlango wa mbao hizo utafunga vizuri sana Aprili. Ikifika Julai, na upepo wenu huo wa Makambako, paneli zinaachia, uko chumbani unaona taa ya sebuleni. Fundi anayejua kazi atazipanga kivulini, vijiti katikati, hewa ipite, na atakwambia usubiri. Akikuletea milango ndani ya siku nne, usipige vigelegele.

Ila kilichoniuma zaidi ni huo wino wako kubaki. Maana yake upande wa ndani hajaupiga randa. Aliyetengeneza meza ya 2014 asingeacha hivyo. Huyo mtu amechoka.

Alu_Mbeya:
Na wateja nao je? Mimi wa madirisha ya aluminiamu. Kuna ya mtu yamekaa ofisini kwangu tangu Februari, kabakiza laki mbili, nikipiga hapokei. Vioo nilikopa. Huyo naye tumpeleke polisi?

RandaNaMsasa:
@Alu_Mbeya hapo sina neno. Ndiyo maana nasema kitasa kisifungwe kabla ya hela.

Mwl_Makambako:
Mrejesho wakuu. Jumatatu nimeenda na mwenyekiti. Fundi akaanza habari ya msiba, nikamwambia, "Baba, mimi niliinama nikaona jina langu." Akanyamaza. Akavuta kigoda akakaa, akasema, "Mwalimu, hata mimi sipati usingizi." Tumeandikishana, na kijana wake amesaini kama shahidi. Kitanda kilishachukuliwa na mwenyewe.

Jana zimeletwa mbao kumi na moja. Nimebeba moja moja mbele yake, mbili nzito kama jiwe nimezirudisha, kacheka kidogo, kauliza nani amenifundisha. Zilizobaki nimezipanga kwenye korido na vijiti katikati, watoto wanazirukia. Saba bado, anasema Ijumaa. Sijamuuliza Ijumaa ipi.