Corneille kuimba Kiingereza: usaliti au haki yake?

Wadau, kuna hoja naisikia kwa baadhi ya wapenzi wa muziki wa Kifaransa: kwamba Corneille, mwimbaji Mnyarwanda wa Kanada anayeimba kwa Kifaransa, alipotoa albamu ya Kiingereza, The Birth of Cornelius, mwaka 2007, aliwapa kisogo Waquebec waliompokea. Naipinga hoja hiyo, na naomba tuijadili.

Wenye hoja hiyo hawatoki hewani. Quebec, jimbo la Kanada linaloongea Kifaransa, imezungukwa na bara linaloongea Kiingereza. Ndiyo maana ilipitisha Sheria 101, ya kukilinda Kifaransa, mwaka 1977, na redio za Kifaransa nchini Kanada zinadaiwa asilimia 65 ya nyimbo za muziki maarufu zinazopigwa ziwe za Kifaransa. Msanii mkubwa akihamia Kiingereza, watu lazima waumie.

Lakini mtazameni mwenyewe. Alizaliwa Ujerumani mwaka huohuo wa 1977, wazazi wake Wanyarwanda, akakulia Rwanda. Aprili 1994 wazazi na ndugu zake waliuawa nyumbani kwao Kigali. Yeye akapona kwa kujificha nyuma ya kochi. Akakimbilia Zaire, kisha Ujerumani, na mwaka 1997 akaingia Montreal kusoma. Muziki uliomlea ni soul na R&B ya Wamarekani weusi, na huo huimbwa kwa Kiingereza. Na Cornelius ndilo jina lake la kuzaliwa! Sasa mtu akiweka jina lake halisi kwenye albamu, tunamwambia amejikana?

Tena msiba wake aliutoa kwanza kwa Kifaransa, katika Parce qu'on vient de loin ya mwaka 2002, albamu iliyompa jina hadi Ufaransa. Jambo zito kuliko yote maishani mwake aliliweka mikononi mwa wasikilizaji wa lugha hiyo. Mwaka 2009 akarudi kwao na albamu ya Kifaransa, Sans titre.

Kinachonikera hasa ni kuhesabiana fadhila. Mkimbizi aliyepewa hifadhi atii sheria, alipe kodi, afanye kazi. Sauti yake haikuwa sehemu ya makubaliano. Kama Kifaransa kinahitaji ulinzi, na naamini kinahitaji, basi redio, shule na serikali vibebe mzigo huo, si kijana mmoja aliyepoteza familia nzima.

Mnaoona alikosea, hasa ndugu zetu wa Goma, Bujumbura na Montreal mnaoishi na lugha zote hizi, nielezeni: albamu ile ilimnyang'anya nani Kifaransa chake?