Shanga za kioo za kuyeyusha kwa moto: chupa, vijiti vya Murano au kioo kigumu? Nisaidieni kuchagua

Ushanga_Malindi
Assalaam alaykum jamaani. Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Malindi, Unguja, na tangu mwaka jana jioni zangu nyingi zimekuwa za shanga. Mwanzo nilikuwa natunga zile za dukani tu. Siku moja nikamuona mtu anayeyusha kijiti cha kioo kwenye moto wa gesi, anakizungushia waya mpaka kikawa ushanga. Usiku ule usingizi haukuja.

Nnayo tochi ya gesi moja, ile inayovuta hewa yenyewe bila ya oksijeni. Kioo ni vijiti laini vya Murano, robo kilo, alivyoniletea binamu yangu anayekaa Italia. Sasa vimebakia vipande.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mdogo wangu aliolewa baada ya mfungo, nikamtungia mkufu wa shanga 21 za samawati angavu zenye madoa meupe. Wiki ya tatu akanipigia simu: mbili zimepasuka zikiwa shingoni mwake, hakuzigonga wala hakuziangusha. Moja imegawika kutoka kwenye tundu mpaka nje, na ukingo wake umemchana kidole. Zote nilizipoza ndani ya chungu cha mchanga uliopashwa moto, kama nilivyofundishwa.

Akiba yangu inatosha kitu kimoja kwa mwaka huu. Niagize vijiti vyengine vya Murano? Nihamie kwenye chupa, ambazo huku zimejaa? Au ninunue mashine ya oksijeni niingie kwenye kioo kigumu cha borosiliketi, kile cha vyombo vya maabara, ambacho wanasema hakipasuki? Naomba anijibu aliyetumia, si aliyesikia.

Fundi_Wete
Wa alaykum salaam dada'ngu, na pole kwa mkufu. Mie niko Pemba, kazi yangu ni kuchomelea mageti, shanga ni za baada ya laasiri. Natumia chupa mwaka wa nne sasa na nazipenda kwa dhati. Kioo hakinigharimu kitu.

Lakini chupa ina adabu yake. Naiosha, natoa karatasi na gundi yote, naikausha juani, kisha naifunga kwenye gunia ndio naigonga. Vigae vya kitako navitupa, vinene mno. Nachagua vya ubavuni, vyembamba, navipanga juu ya bati kwenye jiko la mkaa mpaka viwe moto hasa. Hapo nakishika kimoja kwa koleo nakiingiza mwisho wa ulimi wa moto, mbali na tochi, halafu nakisogeza ndani kidogo kidogo. Ukikipeleka kikiwa baridi kinaruka vipande mpaka usoni. Kikilegea nakigandisha na kigae chengine, navuta mikono pande mbili bila haraka, napata kijiti cha unene wa penseli. Hivyo ndivyo nnavyozungushia waya. Waya wenyewe ni ule usioshika kutu wa milimita 2.4 tunaotumia kuchomelea, naupaka uji wa udongo mweupe, kaolini, ili ushanga usigande.

Sasa ubaya wake. Kioo cha chupa kinachelewa kulainika na kinaganda upesi. Kwa tochi kama yako utafanya ushanga wa punje ya mbaazi, mkubwa utakutesa. Ukikipika sana kinaota utando mweupe. Rangi ni kijani, hudhurungi na nyeupe, buluu ni bahati. Halafu wateja wangu wengine wanauliza chupa ilikuwa ya nini kabla, na ni haki yao, kwa hiyo za mkufu wa kuuza nachukua za soda na za manukato tu.

Jambo moja usilisahau: usichanganye chupa na Murano hata chembe. Hata chupa kwa chupa, zijaribu kwanza. Yeyusha vipande viwili vilale ubavu kwa ubavu, vivute uzi mwembamba kama mshipi wa kuvulia, uache upoe. Uzi ukibaki umenyooka wanaelewana. Ukijikunja, kimoja kinasinyaa kuliko chengine, na ndani ya ushanga watavutana mpaka mmoja apasuke.

Kaskazi_Nungwi
Hapo kwenye kusinyaa ndipo penye hesabu yote. Kila kioo kina kipimo chake cha kutanuka kwa joto. Namba ikiwa ndogo, kioo kinatanuka kidogo. Vijiti vya Murano anavyotumia dada ni 104, chupa nyingi ziko karibu na 90, borosiliketi ni 33. Ndiyo maana boro inavumilia kuingizwa motoni ghafla na kutolewa.

Mie natumia boro, na sitamshauri dada aanze nayo. Tochi ya gesi moja haiiwezi, lazima oksijeni. Mashine ya lita 5 kwa dakika inatosha tochi ndogo, inatoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, lakini ndani yake kuna chembe za zeolaiti zisizopenda unyevu. Hewa yetu mnaijua. Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, masika ya pili ikaanza kutoa moto mlegevu, wa manjano. Rangi za boro nazo ni chache na ghali.

Aliyekwambia boro haipasuki kakudanganya. Nayo inataka kupozwa kwa utaratibu, tena kwa joto la juu zaidi, karibu nyuzi 565.

Na miwani, jamaani. Kioo kikiwa motoni kinatoa mwanga mkali wa manjano wa sodiamu, huoni unachokifanya. Miwani ya didimiamu inaukata. Kwa boro inatakiwa nyeusi zaidi.

Mama_Tunda
Mwanangu, hodi umepiga mlango wa jirani. Umetaja njia tatu, na hakuna hata moja iliyopasua ushanga wa mdogo wako. Kioo cha Murano hakina kosa, tochi yako haina kosa. Kosa ni la chungu cha mchanga.

Mie nnafanya kazi hii Fuoni mwaka wa 11, gesi moja, vijiti hivyo hivyo vya 104. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na chungu kama chako. Sikiliza kinachotokea. Ushanga ukitoka motoni ngozi yake inapoa kwanza, inakaza. Moyo bado moto, umetanuka. Moyo nao ukija kupoa unataka kusinyaa lakini ngozi imeshakaza, haimpi nafasi. Mvutano ule haumaliziki. Unabaki ndani ya ushanga mwezi, mwaka, mpaka siku mtu anatoka juani anaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi, na ushanga unaachia. Mchanga unauchelewesha tu, hauondoi. Na ushanga unavyokuwa mkubwa ndivyo mvutano unavyozidi.

Dawa ni tanuri. Unaupandisha ushanga mpaka nyuzi 510 hadi 520, hapo kioo cha 104 bado kimesimama lakini ndani kinaweza kujinyoosha. Unakiacha nusu saa mpaka saa moja. Halafu unateremsha nyuzi 60 hivi kwa kila saa, hadi 370, ndipo unazima na kuacha mlango umefungwa mpaka asubuhi. Kwa chupa za Fundi utapandisha mpaka 550 hivi.

Kwa hiyo akiba yako ni ya tanuri. Kioo baadae. Ukiwa na tanuri, chupa itafaa, Murano itafaa. Ukiwa huna, hata kioo cha dhahabu kitakupasukia, na kitapasuka kwa mtu umpendae.

Ushanga_Malindi
Ahsante sana mama yangu, nimeelewa na nimehuzunika. Kwa maana hiyo zile 19 zilizobaki zote ni za kutupa? Na mchanga nilikuwa naupasha mpaka mkono hauwezi kukaribia.

Kaskazi_Nungwi
Usitupe. Zako ni angavu, basi unaweza kuuona mvutano kwa macho. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta ya mapajani. Chukua miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, iweke mbele ya skrini uizungushe mpaka skrini iwe giza. Sasa weka ushanga katikati, baina ya skrini na lenzi. Uliotulia unabaki giza. Wenye mvutano unang'aa, mara nyingi utaona msalaba wa giza umezungukwa na mwanga pembezoni mwa tundu.

Ushanga wa duara unapinda mwanga na kukuchanganya, kwa hiyo uzamishe kwenye bilauri nyembamba ya mafuta ya kupikia. Nilipofanya mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Unajua jambo kwa kuambiwa, halafu unaliona linawaka mbele yako. Kwenye ushanga usiopitisha mwanga njia hii haifai.

Mama_Tunda
Na zisizo na ufa zinatibika. Unazirudisha kwenye tanuri zikiwa baridi, unapandisha taratibu, unazituliza kama mpya. Yenye ufa ndiyo imekwenda. Mwambie mdogo wako auvue mkufu leo.

Mkunazini_Juu
Naomba niingie kidogo. Huwa naambiwa hii ni kazi ya kizungu tumeiiga. Shanga za kioo zimechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na nyingi zilitoka upande wa Bara Hindi. Karne ya 19 za Venice zilikuwa zinapita hapa hapa kwenda bara na misafara, zile nyekundu za samesame. Sisi kioo hatujakijua jana.

Lakini zile za zamani nyingi zilivutwa kuwa bomba refu jembamba, kisha zikakatwa. Ushanga wa milimita tatu nne unapoa sawasawa ndani na nje, ndiyo maana umekaa ardhini karne zote hizo. Basi dada, kabla hujapata tanuri, fanya ndogo.

Na kuna njia hamkuitaja kabisa. Wakrobo wa Ghana hawana tochi. Wanatwanga chupa mpaka unga, wanachekecha, wanamimina kwenye vikombe vidogo vya udongo, katikati wanachomeka kikonyo cha jani la muhogo. Kwenye tanuri unga unashikana na kikonyo kinaungua, kinaacha tundu. Muhogo upo, chupa zipo. Hazitong'aa kama za Murano, zina uso mkavu, na mie huo uso ndio ninaoupenda.

Fundi_Wete
Hiyo ya kikonyo nitaijaribu in shaa Allah, migomba na mihogo imenizunguka.

Mama kasema kweli na lazima nikiri, mie tanuri ninalo, sikulitaja kwa sababu nimelizoea. Nimelijenga mwenyewe. Matofali mepesi ya moto, yale unayoweza kuyakata kwa msumeno, nimeyachimba mifereji, nikalaza waya wa kupashia joto ulioviringwa. Kuna kipima joto kinachoingia ndani na kidhibiti kinachowasha na kuzima umeme chenyewe. Linakula wati 1,500, lakini likishafika joto linawaka na kuzima, kwa hiyo uniti haziendi kama unavyofikiri. Matofali na kidhibiti niliagiza kwa mtu wangu wa Kariakoo, Dar, yakaja na boti.

Dada, ukitaka nitakujengea. Ila umeme wake afunge fundi umeme, na uwekwe waya wa ardhi. Na mlango ukifunguliwa umeme ukatike wenyewe. Unaingiza waya wa chuma kwa mkono mle ndani, ukigusa ule wa kupashia joto na umeme upo, ni mauti. Langu nimelifungia swichi mlangoni.

Ushanga_Malindi
Na umeme ukikatika katikati ya kupoza?

Mama_Tunda
Usifungue mlango. Hilo tu. Matofali yanashika joto, litateremka lenyewe. Umeme ukirudi, kesho yake zirudie zote tangu mwanzo. Imenitokea mara nyingi, sijapoteza hata moja.

Na wewe uko Malindi, nyumba za ghorofa na boriti. Mtungi wa gesi usiuweke chumbani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni mpaka kwa jirani wa chini. Uweke nje kwenye uwazi, mpira uingie ndani, dirisha liwe wazi kila siku. Wakati wa kusi upepo utakupeperushia moto, weka kizuizi cha bati, lakini usizibe dirisha.

Mkufu_na_Herini
Na mie wa kutunga niseme. Ushanga mzuri unaangushwa na tundu bovu. Ncha mbili ziingie ndani kidogo, kama zinavyobonyea ncha za embe pale kwenye kikonyo. Zikibaki kali zinakata uzi. Udongo wa ndani ya tundu usugue ushanga ukiwa ndani ya maji, lile vumbi si la kuvuta. Na waya za rangi ya fedha za bei rahisi hapa kwetu chumvi inazila msimu mmoja. Mpelekee sonara akufanyie kishikizo cha fedha hasa. Itaingia weusi, lakini unaifuta.

Ushanga_Malindi
Nimerudi. Mdogo wangu alikuja jana na mkufu, hakutaka kuuvua, nikamuonesha kwenye skrini. Nilitumia miwani ya mume wake na bilauri ya chai. Katika 19, 13 zinang'aa, tena kubwa zote zimo. Sita ndogo za karibu na kishikizo ziko giza kabisa. Moja katika zile 13 ina ufa mwembamba kama unywele, sikuwahi kuuona kwa macho matupu. Hiyo nimeitoa, zilizobaki nimezifunga kwenye kitambaa.

Akiba inakwenda kwenye tanuri. Ndugu yangu Fundi, nakubali ujenge. Vipimo gani nikupe?

Fundi_Wete
Alhamdulillah. Nipimie urefu wa waya zako, kwa kawaida ni sentimita 23, na unipe upana wa meza litakapokaa. Mlango nitauweka mbele, mdogo, wa kuingiza waya tano kwa pamoja, joto lisikimbie. Na zile 18 usizitunge mpaka zipite humo.