Glavu za kubebea vioo: 4543 au 4X43D, ipi inazuia kukatwa zaidi?

FundiVioo
Wakuu, karakana yetu inatengeneza madirisha ya alumini, vioo vya mm 5 na 6. Dukani kuna glavu aina mbili: moja imechapwa EN 388 4543, nyingine EN 388 4X43D. Muuzaji anasema ya kwanza ni kali zaidi kwa sababu ina 5. Kweli? Na tunaweza kuzilinganisha wenyewe kabla ya kununua pea 20?

Mkaguzi_Usalama
Chukua ya D, mkuu. EN 388 ni kiwango cha Ulaya cha glavu za kinga, na tarakimu ni alama za kuhimili msuguano, mkato, kuchanika na kutobolewa, kwa mpangilio huo. Ile 5 hutokana na kisu cha duara cha kipenyo cha mm 45 kinachozunguka huku kikienda na kurudi kwa mgandamizo wa nyutoni 5 tu. Wanahesabu mizunguko hadi kitambaa kipenye, kisha wanalinganisha na turubai la pamba. Sasa glavu yenye nyuzi za kioo au chuma hukifanya kisu kiwe butu, mizunguko inapanda, na glavu inapata alama kubwa isiyostahili. Ndiyo maana toleo la 2016 liliongeza herufi kutoka kipimo cha ISO 13997: wembe mnyoofu, mpya kwa kila mkato, unavutwa mara moja, wanatafuta nguvu inayopenya kwa mwendo wa mm 20. A ni nyutoni 2, B 5, C 10, D 15, E 22, F 30. Tarakimu nne bila herufi ni alama ya toleo la zamani la 2003. X si sifuri, ni kwamba kipimo hicho hakikufanyika au hakifai kwa glavu hiyo.

Karakana_Kuu
Kulinganisha inawezekana, ila asivae mtu! Kata kipande cha kiganja, kivute juu ya bomba la chuma, funga ncha zake tu kwa tepu. Tepu ikipita chini ya wembe inaongeza unene na kuharibu jibu. Funga wembe mpya kwenye mkono wa mbao wenye bawaba, uzito juu yake, vuta mm 20. Weka mita ya umeme kwenye mlio, waya mmoja kwenye wembe, mwingine kwenye bomba, ikilia, umepenya. Anza na gramu 500 (kama nyutoni 5), panda kwa 250. Kila mkato wembe mpya na sehemu mpya ya kitambaa, na rudia kila uzito mara kadhaa, maana nyembe hazilingani. Glavu yenye waya wa chuma hulia mapema, hiyo kagua kwa macho. Jibu ni la kulinganisha tu, halikupi daraja.

Mkaguzi_Usalama
Naongezea. Kioo cha mm 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba. Kikiteleza mkononi, ukingo unashuka na nguvu inayozidi mbali nyutoni 15 za D. Kwa hiyo mshiko kwanza: kiganja chenye upako wa naitrili wenye mkwaruzo, kingo zipigwe msasa, na mikono ya kujikinga hadi kiwiko, kwa sababu kifundo ndipo mishipa ilipo. Ile 3 ya kutobolewa hupimwa kwa ncha nene ya chuma. Kipande chembamba cha kioo hupita katikati ya nyuzi.

Karakana_Kuu
Na mkitoboa alumini kwa drili, vueni. Glavu isiyochanika ikinaswa inaondoka na mkono.