MJADALA: Wadhamini wa makumbusho wawe kina nani, wanajeshi wastaafu, watu wa fedha au mafundi?

Mtembeza Wageni, Vuga

Assalaam alaykum jamaa.

Juzi barazani kwetu tulibishana mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Chanzo ni mzee wetu mmoja aliyekwenda Uingereza kumtazama mwanawe. Mwana akampeleka Hendon, London, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, yale yaliyofunguliwa 1972. Mzee kaona ndege za vita za kila namna, lakini alichorudi nacho ni suali: vipi makumbusho ya ndege za vita yasimamiwe na watu ambao wengine hawajawahi kurusha hata tiara?

Kwa asiyejua, pale kuna bodi ya wadhamini. Si wao wanaofungua milango asubuhi, hiyo ina mkurugenzi na watumishi. Wadhamini wameshika amana. Ndege zisiuzwe ovyo, fedha zisipotee, na kinachoelezwa mle ndani kiwe na mtu wa kukijibia. Mwenyekiti wao mmoja alikuwa Sir Glenn Torpy, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi lenyewe la anga. Lakini pembeni ya majenerali hukaa watu wa biashara, wa fedha, wa elimu. Na mkurugenzi mtendaji aliyeingia 2015, Maggie Appleton, katokea kwenye kazi za makumbusho na utamaduni, si jeshini.

Mzee hakukubali. "Msikiti utasimamiwa na asiyeswali?" Baraza zima likacheka, na mie nikakosa jawabu palepale. Jawabu limenijia usiku, ndiyo naliandika hapa.

Mwaka 2013 makumbusho hayo yaliopoa baharini ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17, iliyotunguliwa 1940 ikazama upande wa Kent. Miaka zaidi ya 70 chini ya maji ya chumvi. Siku ilipotolewa ilikuwa bonge la chaza na kutu, huwezi kujua bawa liko wapi. Ikapelekwa Cosford, kwenye tawi lao jingine, ikalazwa ndani ya mahandaki ya plastiki na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya ndimu, polepole, muda mrefu, mpaka ukoko wa bahari ukaanza kuachia. Mama zetu hapa sinia la shaba wanalisugua kwa ndimu na ukwaju. Hawakusoma kemia, lakini wanajua asidi inafanya nini na wanajua ukiiacha sana inakula chombo. Sasa nambieni, rubani mstaafu, hata awe na nishani kifua kizima, ndiye wa kuuliza "asidi hii kiasi gani, na aluminiamu itabaki?" Rubani anaijua ndege ikiwa hewani. Hii ilikuwa imekufa, na ugonjwa wake ni chumvi.

Ndiyo rai yangu: kwanza tazama kinachokiua kile kitu mlichopewa amana, kisha ndipo umtafute mtu. Cheo baadaye.

Nalisema hili kwa machungu. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kukarabati jengo moja la zamani mtaani, silitaji. Tulikuwa tisa: mkuu wa wilaya mstaafu, mfanyabiashara, sheha, mwalimu mkuu, na wengine wa kuheshimika. Fundi hakuwemo hata mmoja. Tukapitisha kwa kauli moja lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, kwa sababu saruji ni "imara". Masika ya pili nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba, lipu ikaingia ndani kama mkate wa ajemi, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kwenye jiwe la matumbawe unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya, jiwe linamenyuka. Fundi yeyote wa chokaa wa Mji Mkongwe angetwambia kwa dakika mbili, bure, amesimama mlangoni.

Basi suali kwenu. Beit el-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililokuwa makumbusho, iliyojengwa na Sayyid Barghash 1883 tuliiona ikiporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020. Tuseme kesho mnaambiwa taja watu saba wa kuwa wadhamini wa makumbusho yale. Mtawataja kina nani, na kwa kazi zipi?

Mstaafu, Mwanakwerekwe

Mtembeza wageni, umeandika vizuri lakini umeturuka sisi. Mie nilikuwa kijana wa jeshi vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979. Nikiingia kwenye makumbusho ya vita nikaona buti kwenye kabati la kioo, limepigwa rangi linang'aa, najua aliyeliweka hajawahi kulivaa. Buti la vita halikuwa hivyo. Lilikuwa na tope la siku nne na ndani mguu umevimba. Mwanakemia atakuhifadhia buti lisioze, haya, shukran. Nani atakwambia kwamba limewekwa uongo?

Na hao watu wa fedha ndio kabisa. Mwekee mhasibu kofia ya chuma yenye tundu la risasi, atakwambia haina thamani sokoni. Kweli haina. Kuna mama mmoja tu duniani inayemhusu.

Nusu ya bodi wawe waliokuwepo. Wengine wajaze nafasi zilizobaki.

Maalim wa Tarekhe, Wete

Mstaafu, heshima yako. Lakini kuwapa waliokuwepo usemi wa mwisho kulishajaribiwa, na nitakwambia kulipofikia.

Washington kuna makumbusho ya taifa ya anga, chini ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani. Walikuwa na Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Miaka 50 ilipokaribia kutimia wakaandaa maonesho: ndege, na pia yaliyowapata watu wa chini. Mkurugenzi alikuwa Martin Harwit, mtaalamu wa nyota, si mwanajeshi. Jumuiya za wanajeshi wastaafu zikaja juu, kwamba maandishi yale yanamfanya Mjapani aonekane aliyeonewa na rubani wa Kimarekani aonekane katili. Wanasiasa wakaingia. Januari 1995 maonesho yakafutwa, Mei Harwit akajiuzulu, na mwezi uliofuata kiwiliwili cha ndege kikawekwa na maneno machache ya kiufundi. Wanahistoria nao wakalalamika kwamba tarekhe imefungwa mdomo.

Waliokuwepo angani walikuwa na haki ya kukumbuka. Waliokuwepo chini nao walikuwepo, Mstaafu. Hao nusu yao ya bodi iko wapi?

Sisi hapa tuna letu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Unguja kwa muda usiotimia saa moja. Kila mtembeza wageni anaisimulia kama kichekesho, "vita vifupi kuliko vyote duniani", wageni wanacheka, wanapiga picha. Mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa. Kama wadhamini wetu ni watu wa hoteli peke yao, kichekesho kitabaki kichekesho, maana kinauza. Ukiniuliza mie, mwenye tarekhe asikose kwenye ile saba, tena awe mbishi.

Jengine. Mmeshaanza kuhesabu viti na wote ni wa Mji Mkongwe. Pemba tuna magofu ya Pujini ya Mkama Ndume, tuna ya Ras Mkumbuu, tuna makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake, ngome ambayo sehemu yake ilibomolewa kupisha hospitali. Huo uamuzi ulipitishwa na watu wa kazi zipi, ningependa kujua.

Kijana wa Darajani

Suali dogo tu kabla hamjaendelea. Posho la kikao ni shilingi ngapi? Mkishalitaja, wataalamu mtawapata mpaka wa tiara.

Mtembeza Wageni, Vuga

Kijana wa Darajani umenichekesha lakini umegusa penyewe. Uingereza mdhamini wa jumuiya ya hisani kwa kawaida halipwi, anarudishiwa nauli na gharama tu. Hapo ndipo lilipo shimo lao, maana anayeweza kufanya kazi bure ni mstaafu mwenye pensheni nono au tajiri. Fundi wa kulipwa kwa siku atakujaje? Sisi tukisema posho, watajaa wa posho. Tusiposema, fundi haji. Hili sina jawabu lake.

Bi Hesabu, Kikwajuni

Nimesoma tangu juu, kila mtu anamtupia jiwe mhasibu, na mhasibu ni mie.

Mstaafu, ile kofia yenye tundu haina bei sokoni, sawa. Lakini paa lililo juu yake lina bei. Mlinzi wa usiku ana bei. Yule mtaalamu wa asidi anayesifiwa hapa, na zile pampu za kunyunyizia zisizozimwa, kuna mtu alikaa na karatasi akahesabu ziendeshwe miaka mingapi. Kitu kuporomoka ni siku moja. Kabla yake kuna miaka ya bajeti ambayo ndani yake mstari wa matengenezo ulikatwa kwanza, kwa sababu hakuna anayekata utepe kwenye mfereji wa paa uliozibuliwa.

Na tusijidanganye kuwa wenzetu wamemaliza. Smithsonian aliyoitaja Maalim inasimamiwa na watu 17. Jaji Mkuu wa Marekani yumo, Makamu wa Rais yumo, maseneta watatu, wabunge watatu, na raia tisa. Wanasiasa wamewekwa kwa sheria, waziwazi, unawajua kwa majina. Mie naona bora hivyo kuliko bodi ya "wataalamu" ambayo kila mmoja wao ana mkubwa wake wa kumpigia simu kabla ya kupiga kura.

Tena kwa nini tunahangaika na Hendon na Washington ilhali wakfu tunao? Mwenye nyumba akiweka wakfu anaandika sharti: pato la chumba hiki kwa mafuta ya taa ya msikiti, la kile kwa mayatima. Msimamizi wa wakfu haulizwi kwanza kasoma nini. Anaulizwa kama sharti limetimizwa. Tuanze na sharti la Beit el-Ajaib liandikwe. Mkiniletea watu saba bila sharti, hata wawe maprofesa wote, nitawakagua kwa kipimo gani?

Nahodha, Mkokotoni

Mie nina kisa kimoja, kitamfaa Mstaafu au kitamuudhi, sijui.

Mmesahau kuwa ndege za vita zina tarekhe humu humu kwetu. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapa bandarini Unguja, baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani mpaka leo. Königsberg ikenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, Waingereza wasiione. Aliyekuja kuiona kwa ndege, Novemba mwaka huo, ni rubani raia anayeitwa Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban pamoja na kiboti cha kuruka, ndege inayotua majini. Hakuwa mwanajeshi wa kazi, alikodiwa. Rejeta ya injini ikamharibikia, ikafuatwa rejeta ya gari ya Ford Mombasa ikafungwa. Mwishowe mwenyewe akatekwa na Wajerumani. Meli ikaja kumalizwa Julai 1915, ndege zinaruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga.

Sasa mkiandika kisa hicho ukutani, nani wa kukisimamia? Jeshi? Cutler alikuwa mtu wa kukodi. Na wale waliowaonesha njia ndani ya mikoko, wenyeji wa Rufiji na Mafia, majina yao hayamo popote. Mie ningemtaka kwenye bodi mtu anayejua maji kupwa na kujaa kwenye delta. Atawauliza masuali ambayo jenerali hayamjii.

Mstaafu, Mwanakwerekwe

Hakijaniudhi, Nahodha. Lakini mtazame jinsi mnavyofanya: kila mmoja kamleta mtu wa kazi yake mwenyewe. Mhasibu kamleta mhasibu, mwalimu kamleta mwalimu, nahodha kamleta nahodha. Na mie nimewaleta askari, sikatai. Nusu naiacha. Nabaki na viti viwili, kimoja cha aliyekwenda vitani na kimoja cha mjane.

Maalim wa Tarekhe, Wete

Cha mjane naunga mkono. Sikukifikiria.

Mtembeza Wageni, Vuga

Mstaafu kanishika. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, nilificha hilo hapo juu, na sasa mmelijua.

Bi Hesabu, la sharti nalikubali kwa mikono miwili, liwe kabla ya majina. Isipokuwa sharti nalo litaandikwa na mtu, na huyo mtu ana kazi yake, kwa hiyo tumerudi palepale kwa njia ndefu. Na hiki kichekesho cha 1896 Maalim amenichoma. Jana nimekisimulia tena mbele ya kasri, nikafika pale wageni wanapocheka, nikasita. Mmoja akaniuliza kama nimesahau.

Leo asubuhi nilipita kwa fundi mmoja pale Malindi anakarabati ukuta, nikamuuliza kama ataitwa kwenye bodi ya wadhamini atakubali. Akaendelea kukoroga. Kisha akauliza kikao kinakuwa saa ngapi, maana ukuta lazima aurowanishe asubuhi na jioni, na msaidizi wake hajui kukisia maji. Nikamwambia vikao vya serikali huanza saa tatu. Akasema saa tatu hawezi.

Bi Hesabu, liandike na hilo kwenye sharti: saa ya kikao.