Tupeane uzoefu: nani ameshabadilisha bushi za saspensheni mwenyewe nyumbani kwenye sedani ya spoti ya zamani?

MpiraNaChuma
Wakuu habari za humu. Naomba tukusanye hapa stori za waliobadilisha bushi (zile pete za mpira na chuma kwenye maungio ya saspensheni) kwa mikono yao, hasa nyie wenye sedani za spoti zilizogonga miaka 20 na kuendelea, maana raha ya hizi gari ni vile zinavyokamata kona na bushi zikifa raha inaondoka kidogokidogo mpaka unasahau gari ilikuwaje mwanzo.

Naanza mimi. Yangu ni BMW E46 ya 2002. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye breki, nikiwa kwenye 90 hivi nikikanyaga steringi inatetemeka mkononi, nikajua tu diski zimepinda, nikabadilisha diski na pedi, mtetemo ukabaki vilevile. Siku nimeingia chini na tochi ndo nikaiona bushi ya nyuma ya kontrol arm ya mbele (ule mkono wa chuma unaoshika tairi) imechanika na kulowa majimaji meusi. Hii bushi ndani yake ina majimaji ya kumeza mtetemo, yakishavuja mpira unakuwa legelege, ukishika breki tairi linarudi nyuma na kucheza ndani ya nafasi yake, na kile unachokisikia mkononi ndo huko kucheza.

Kutoa haikunisumbua sana. Kosa langu lilikuja kwenye kurudisha. Mkono wa hii gari una ncha ya pembe sita, bushi unaipaka maji ya sabuni unaisukuma juu yake, sabuni ikikauka mpira unang'ata pale ulipo. Sasa mimi nimemaliza kuweka saa mbili usiku, nimechoka, nikaiacha gari juu ya stendi miguu inaning'inia, nikashusha asubuhi. Mpira ulikuwa umeshang'ata gari ikiwa hewani, kwa hiyo niliposhusha ukajipinda na ukakaa umejipinda hivyo siku zote, hata gari ikiwa imepaki. Miezi minane tu ukachanika. Nikanunua tena, nikafanya tena.

Karibuni, toeni na mlikokosea, ndo wengi tunajifunza hapo.

DadaSpana
Mkuu asante kwa uzi. Hilo la kujipinda ndo ningeanza nalo mimi pia, wengi hatuelezwi. Bushi ya mpira ya kawaida ina bomba la chuma nje, mpira katikati na bomba dogo ndani, na vyote vimeunganishwa kiwandani, hakuna kinachozunguka pale. Mkono ukipanda na kushuka ni mpira wenyewe unajisokota. Ukikaza bolti tairi likiwa linaning'inia umeuambia mpira kwamba pale ndo katikati, gari ikishuka chini unakuwa umesokotwa muda wote na kwenye kila shimo unasokotwa zaidi ya uwezo wake.

Ninachofanya mimi, kabla sijapiga jeki napima kwa tepu kutoka katikati ya kepu ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, naandika namba ya kila kona. Nikishafunga bolti zote kwa mkono naweka jeki chini ya habu (kitovu cha tairi), napandisha taratibu mpaka umbali ule unarudi uleule, hapo ndo nakaza na toki renchi, spana ya kukaza kwa kipimo. Angalia tu gari isinyanyuke kutoka kwenye stendi wakati unapandisha, ikianza kunyanyuka acha, ongeza uzito au tumia rampu.

Gari yangu ni Toyota Altezza, nilibadilisha za mikono ya chini ya mbele. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa bolti za alaimenti (za kurekebisha matairi yakae sawa), zile zenye kamu, kisahani cha kurekebishia, zimeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, bolti inazunguka na mpira unazunguka nayo haitoki. Nilipulizia mafuta ya kulegeza siku tatu mfululizo asubuhi na jioni, moja ikatoka, nyingine nikaikata kwa grainda pande zote mbili za mkono. Kwa hiyo mwenye gari ya aina hii agiza bolti na kamu mpya kabla hujaanza kufungua, usije ukabaki gari iko juu huna pa kwenda.

konakali
Hivi bila presi ya haidroliki, ile mashine ya kusukumia bushi, inawezekana kweli? Niko na bushi nne za nyuma zinanisubiri na nyumbani nina vaisi ndogo tu.

Mzee_Boneti
Inawezekana mwanangu, mimi sina presi mpaka leo. Tafuta fimbo ya nyuzi ya chuma kigumu, ya milimita 12 au 14, usichukue ile laini ya ujenzi itakula nyuzi katikati ya kazi. Nati mbili, washa nene, boksi (soketi ya spana) moja kubwa ya kupokea bushi ikitoka upande wa pili na boksi nyingine ndogo ya kusukuma. Paka grisi kwenye nyuzi, na ukiweza kupata beringi bapa weka chini ya nati unayozungusha, utaona nguvu inavyopungua. Halafu unazungusha polepole, bushi inatembea yenyewe.

Kitu kimoja ukishike sana. Wakati wa kuingiza, boksi ikae kwenye bomba la nje la bushi na si kwenye mpira wala bomba la ndani. Ukisukuma katikati unaachanisha mpira na chuma, bushi inaingia vizuri unafurahi, kumbe umeiua kabla haijaona barabara.

Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha, chuma kinasinyaa kidogo na kidogo hicho kinatosha kuona tofauti. Tundu la mkono lisafishe kwa waya brashi na msasa mwembamba mpaka ling'ae, kutu ikibaki mule bushi itaingia kishingo upande, na ikianza kuingia upande usilazimishe, itoe uanze upya.

GiaYaTatu
Mimi naongelea kutoa za zamani. Wapo wanaochoma mpira kwa moto mpaka unayeyuka. Nilifanya mara moja, moshi wake ni mzito mweusi, nilikohoa siku mbili na rangi ya mkono ikaungua yote. Sirudii na siwashauri. Sasa hivi natoboa mpira kwa drili, matundu mengi kuzunguka, katikati inachomoka, halafu napitisha bledi ya msumeno wa chuma ndani nakata bomba la nje taratibu. Hapa ndo pa kuwa makini, nilikata nikapitiliza nikachora mfereji kwenye tundu la mkono wenyewe, na mkono ni wa alumini. Ilibidi nitafute mkono mwingine. Kata mpaka ubaki unene kama wa karatasi, malizia kwa tindo ndogo kukunja bomba kwa ndani, litalegea lenyewe.

Silensa
Mimi niliweka za poliyurethani mbele na nyuma, niseme ukweli wangu. Steringi ilikuwa kali mno, ukigeuza kidogo tu gari imeshaenda, kwenye kona za kasi nilipenda. Lakini kila tuta dogo lilianza kusikika ndani, na baada ya miezi michache zikaanza kulia nyikanyika kama mlango mkavu. Hizi zinazunguka kwenye bomba lake, hazijisokoti kama mpira, kwa hiyo hata ukikaza gari ikiwa juu hazichaniki, ila zinataka grisi yake, ile nzito ya silikoni, na zinataka kufunguliwa na kupakwa upya. Nilizipaka upya mara mbili, ya tatu nikarudisha mpira nyuma, mbele nikaziacha. Kwa gari ya kwenda nayo kila siku na familia iko ndani mimi naona mpira mpya unatosha kabisa, wengi wetu hatujawahi hata kuendesha hizi gari zikiwa na mpira mzima tukajua zilivyo.

DadaSpana
@Silensa hapo mwisho umenigusa. Siku nimetoka na bushi mpya nilizunguka tu bila sababu, nilikuwa sijui kama hii gari inaweza kukaa kimya vile.

konakali
Mimi narudi na swali la nyuma, E46 pia, ikikata kona nikiachia mafuta mkia unahama kidogo kama una akili yake. Ni bushi za treilin arm, ule mkono wa nyuma unaoshika tairi?

MpiraNaChuma
@konakali dalili ndo hizo, na angalia matairi ya nyuma kama yanaliwa upande wa ndani. Bushi ile imeshikwa na braketi yenye bolti tatu kwenye bodi, na alaimenti ya nyuma inarekebishwa hapohapo kwenye hiyo braketi, kwa hiyo kabla hujafungua chora mstari kuizunguka kwa msumari au rangi ili uirudishe ilipokuwa. Kaliper ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa paipu ya breki. Bushi mpya ina mapengo kwenye mpira na yana upande wake wa kukaa, piga picha ya zamani kabla hujaitoa. Na pembe ya braketi iweke sawa gari ikiwa na uzito wake ndo ukaze ile bolti ya katikati.

Mzee_Boneti
Na kabla hujanunua chochote hakikisha ni bushi kweli. Mimi nilibadilisha bushi za mbele zote, kelele ya ko-ko ikabaki, kumbe ilikuwa boljoint, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo mwishoni mwa mkono. Chukua mtaimbo mdogo, ingiza kati ya mkono na fremu, pinda taratibu mwenzako aangalie, bushi mbovu utaona inaruka na kuachia ufa. Halafu tikisa tairi juu na chini ikiwa hewani uangalie boljoint. Dakika kumi tu.

konakali
Wazee wangu nimerudi. Ni bushi, zote za nyuma, ya kushoto mpira umeachana kabisa na chuma. Kwa fimbo ya nyuzi upande wa kwanza umenichukua saa tano, wa pili saa moja na nusu. Nimekaza kwa vipimo vya tepu kama dada alivyosema, kulia ilikuwa sentimita 34 na kushoto 34 na nusu. Braketi nimeirudisha kwenye mstari ila nimeenda alaimenti kesho yake, ilikuwa imehama kidogo hata hivyo. Mkia umetulia. Mwezi ujao naingia mbele.

MpiraNaChuma
Safi sana mkuu. Ukifika mbele, ukishasukuma bushi tu usikae, sabuni haikusubiri. Weka mikono, bolti, shusha gari chini ikae kwenye uzito wake ndani ya nusu saa, itikise kidogo iache ilale hapohapo. Zangu za mara ya pili sasa zina miaka mitatu, jana nimechungulia na tochi, bado kavu.