Mvule umekaa katikati ya ramani ya nyumba yangu, nifanyeje wakuu?

Mpangaji Mchovu: Wakuu habari za jioni. Nina kiwanja Muheza, nje kidogo ya mji, 20 kwa 25, jasho la miaka sita ya bodaboda. Kibali cha ujenzi ninacho, tofali za kuanzia ziko saiti. Shida ni mvule mmoja. Watu wawili wakishikana mikono hawaukumbati, na umesimama pale pale panapokuja sebule na chumba cha watoto. Mwenyekiti kasema mvule haukatwi ovyo hata ukiwa kwako. Jirani, mama mmoja mtu mzima, naye kanijia juu. Ni kweli mti wa kwenye kiwanja changu mwenyewe siruhusiwi kuukata? Naombeni ushauri wa kistaarabu, nina mawazo.

Kipara Ngoto: Kiwanja kina hati au uliandikiana na muuzaji kwenye karatasi ya daftari? Mimi niliuziwa kiwanja Tanga mjini, siku naenda kuchimba msingi nakuta wenzangu wawili nao wamekuja na mafundi. Tulikaa chini tukanywa chai wote watatu, muuzaji simu haipatikani mpaka leo. Mti ni kitu kidogo sana ndugu yangu.

Binti wa Pangani: Mvule una wenyewe. Kwetu upo mmoja, watu wanaupitia kimya, na ubani unachomwa hapo kila mwaka. Wewe unataka kuweka sofa juu ya mizizi yake. Usiku ukisikia mtu anakohoa sebuleni usije humu kuomba ushauri.

Mzee wa Nyundo: Kijana, mwenyekiti wako yuko sahihi. Mvule ni mti uliohifadhiwa kwa Sheria ya Misitu ya 2002, kama ilivyo mpingo. Ardhi ni yako, lakini mti huo huuangushi bila kibali. Andika barua, ipite kwa mwenyekiti na mtendaji, ifike kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Watakuja kuupima, utalipia, ndipo msumeno uingie. Mbao zikishapasuliwa zigongwe nyundo ya alama ya serikali, na kuzisafirisha ni kwa hati.  Sasa nikuulize. Mama wa watu kakujia juu kwa lipi? Mti ambao haujaguswa haugombanishi majirani.

Mpangaji Mchovu: Shikamoo mzee. Ni maneno ya uswahilini tu, unajua majirani walivyo.

Kisu Butu: Jibu swali la mzee.

Fundi Saruji: Geuza ramani, mbona rahisi. Kwenye 20 kwa 25 vyumba vitatu vinakaa vizuri ukisogeza nyumba nyuma, mvule unabaki uani, unapata kivuli cha bure. Ila usibane msingi kwenye shina, mizizi minene ukiikata mti unalegea. Mchoro mpya urudishe halmashauri, usijenge kinyume na kile walichogonga muhuri.

Mpangaji Mchovu: Kugeuza nimechelewa. Haya, nasema. Nilimpa kijana elfu 30 akamenya gome kuzunguka shina lote, upana kama dhiraa. Lakini mti si haujakatwa? Umesimama. Ukikauka wenyewe, naomba kibali cha kuondoa mti mkavu, nani atakataa? Seremala mmoja keshanipa kishika uchumba cha mbao na hela yote imeingia kwenye nondo. Msinihukumu. Kodi inaisha na mke ni mjamzito. Nilifanya mwezi wa nne, kiangazi, ili ukauke haraka.

Kisu Butu: Kwa hiyo hukuja kuuliza kama inaruhusiwa. Umekuja kutafuta mtu wa kukwambia hujafanya kosa.

Mkenya wa Voi: Hapa kwetu mwaka 2020, barabara ya juu ikijengwa Nairobi, kulikuwa na mugumo mkubwa Waiyaki Way uliokuwa ung'olewe. Watu walipiga kelele hadi Rais Kenyatta akatoa amri usiguswe. Barabara ya mabilioni ikaacha mti. Wewe una sebule tu, ndugu.

Kipara Ngoto: Huyo alikuwa na rais. Huyu ana seremala.

Mnoko Namba Moja: Subirini kwanza. Mwezi wa nne, kiangazi, Muheza? Mwezi wa nne huko ni masika, tope linafika magotini! Hii chai, tena haina sukari. Nikiwaza zaidi, huyu ni mtu wa maliasili anatega wanunuzi wa mbao. Seremala usijitokeze.

Binti wa Pangani: Nilijua! Bodaboda gani anaandika kwa nukta na mkato hivi?

Bosi wa Kata: Bodaboda hawajasoma? Mimi nina diploma na niko kijiweni sasa hivi. Heshimuni kazi za watu.

Mnoko Namba Moja: Alete picha.

Mpangaji Mchovu: Nilimaanisha sasa ni mwezi wa nne tangu nimenye. Ilikuwa kiangazi cha mwaka mpya. Picha siweki, mwenyekiti naye yumo humu.

Mzee wa Nyundo: Chai au si chai, nitajibu kwa faida ya mwingine. Kumenya gome ni kuua mti, na afisa akilikuta lile jeraha hatauliza kama panga lilifika kwenye kiini. Kama jeraha lingekuwa bichi ningekuelekeza namna ya kupandikiza vijiti vya mti huo huo, kama daraja kutoka gome la chini kwenda la juu. Miezi minne, sikudanganyi. Nenda mwenyewe ofisini kabla hujafuatwa, tena usikae mbali na leo, kwa sababu nyingine kabisa: mti wa hivyo matawi hukauka yakadondoka bila upepo. Kileleni pakoje? Na umeinamia wapi?

Mpangaji Mchovu: Juu majani yameanza kupukutika. Umeinamia kwa yule mama.

Mzee wa Nyundo: Analala chumba cha upande gani?